Vitabu vya Ubatizo Nyuma ya Maharage

Shangazi, shikamoo. Huku Lushoto baridi inauma, navaa masweta mawili. Nimekuja kuwafundisha watu wa usharika kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta. Vitabu vya ubatizo walishavihamishia kwenye CD zamani, na makaratasi yakaamriwa yachomwe. Leo tumekuta CD zote zimeota ukungu, hakuna hata moja iliyofunguka.

Karani wao mstaafu, bibi mpole, akatupeleka kwake. Akasogeza magunia ya maharage, akafungua sanduku la bati. Vitabu vyote vizima!

"Waliniambia nichome, nikaitikia tu," alisema.

Mimi mtaalamu kazi yangu ikawa kushika tochi. Jina lako nimeliona, shangazi, na mwaka uliozaliwa pia. Sitamwambia mtu. Endelea na umri unaoupenda.

Akupendaye,
Neema