Nimeisingizia Goma

Jumapili, mvua tangu misa ya kwanza. Matope mekundu yamejaa mlangoni hapa Kamalondo, na umeme, ajabu, haujakatika hata mara moja. Siku nyingine ningefurahi. Leo unaniudhi, maana nimeketi mbele ya mashine yangu na sina cha kusingizia.

Nina aibu. Nianze hapo.

Wanaosoma blogu hii wananijua: mimi ndiye mwalimu wa kuipandisha kompyuta kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani. Panda kidogo kidogo, huwa naandika. Prosesa kwanza, memori baadaye, usivipandishe pamoja, la sivyo hutajua kosa limetoka wapi. Angalia joto, usicheze na volti. Kisha ipime memori saa nyingi bila kukatiza, na kabla haijafaulu usiifanyie kazi ya mtu.

Mimi mwenyewe sikuyafuata.

Wiki hii nilivipandisha vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu rafiki yangu Paluku alikuwa anatoa mahari jana na nilitaka kujionyesha. Kipimo cha memori nilikianza kila siku, na kila siku umeme ulikatika kabla hakijafika mwisho. Nikajiambia kwamba muda wote kilipokuwa kinaenda hakikuonyesha kosa, basi inatosha.

Paluku ni mtoto wa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Baba yake alishafariki, kwa hiyo wa kusema kwa niaba ya ukoo ni baba yake mkubwa, na huyo mzee yuko Goma. Tangu waasi wauchukue mji, uwanja wa ndege umefungwa. Nikasema nitamleta kwa video. Nitamtupa ukutani kwa projekta, mkubwa kama mlango, nirekodi, na papo hapo niwarushie ndugu walio ng'ambo. Ndiyo sababu ya ile kasi yote.

Papa Ilunga, baba wa bibi harusi, hakupenda. Ni Mkatoliki wa Mitwaba, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na kwake neno la ndoa husemwa mtu akiwa amekaa kitini mbele yako. Tulimbembeleza hadi akakubali.

Jana mchana tukawa sebuleni kwake, Kasungami. Mzee wa Goma alionekana vizuri ukutani, koti limenyooshwa, tai imekaa upande. Papa Ilunga akamtania kwamba watu wa Kivu hawajui bukari, yaani ugali wetu, mzee akajibu kwamba wa Katanga hawajui viazi. Watu wakacheka. Kisha Papa Ilunga akauliza lile swali ambalo kwake ndilo ndoa yenyewe.

"Mutoto wetu akigonjwa, mutamurudisha kwetu ao mutamutunza?"

Hapo mashine ikaganda. Mzee akabaki ukutani macho yamefumba, kama mtu aliyesinzia. Kisha ikaja skrini ya buluu, ile inayotokea kompyuta ikishindwa kabisa. Niliitambua mara moja, ni memori, watu wengi wameniletea kosa hilohilo. Nikachomoa waya wa projekta kabla wengine hawajaiona vizuri.

"Ni réseau ya Goma, Papa," nikasema. "Kule iko vita."

Neno hilo la kuusingizia mtandao lilitoka lenyewe. Na wote waliamini, maana mwaka huu nani atabishana na mtu anayetaja vita? Shangazi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Walinihurumia hata mimi, kwa jinsi nilivyohangaika na vifaa.

Paluku akaomba tupige tena kwa simu. Papa Ilunga akakataa, bila hasira.

"Kama réseau ya Goma iko hivi, basi tumungojee. Akuye yeye mwenyewe anijibie hapa."

Nilidhani mambo yatalala wiki mbili tatu, nami nitairudisha mashine kasi ya zamani na kunyamaza. Lakini leo baada ya misa Paluku amenitumia ujumbe wa sauti wa mzee. Anamwomba Papa Ilunga msamaha kwa simu yake mbovu. Anasema swali alilisikia na alilijibu, akiamini anasikika. Na kwa kuwa ameitwa, anakuja. Kesho asubuhi anavuka mpaka, kisha mabasi ya nchi za watu, nchi baada ya nchi, hadi aingie kwetu upande wa Zambia. Ana presha na miguu imevimba. Nyumba yake anaiacha bila mtu, katika mji ambao siku hizi nyumba tupu hupata wenyewe wapya.

Yote kwa sababu nilitaka picha kubwa.

Nimeirudisha mashine kasi ya kiwandani. Kipimo kinaendelea, hakijakatika, hakijaonyesha kosa. Hakinifariji hata kidogo.

Ningeweza kumwacha Paluku ayasome haya hapa, maana blogu hii huifungua kila siku. Ningekuwa nimejificha mara ya pili. Kwa hiyo nimempigia. Nimemwambia aje sasa hivi, twende Kasungami pamoja, nina jambo la kumwambia baba mkwe wake kabla mzee hajafunga mlango wake Goma.

Hakuuliza ni jambo gani. Anadhani nimepata njia ya kuitengeneza réseau. Amesema anakuja mbio, mvua au si mvua, na ameshanishukuru.