Wawili Kwenye Mvua

Jumatatu, 14 Oktoba

Kilomita sita, mpaka daraja la mto Tshopo na kurudi. Mafua yamenishika barabara. Pua imeziba, masikio nayo yameziba, nasikia pumzi yangu tu. Mvua ya upepo. Bati la mtu limeruka likatua mbele yangu. Mwenye akili angelala. Lakini mbio za mitaa ni Jumapili, na mwaka jana nilifika wa mwisho, majirani wakacheka wiki nzima. Silali.

Jumanne, 15 Oktoba

Homa kidogo. Nimekimbia. Mbingu nyeusi tangu alfajiri, radi upande wa mto. Mama Régine, yule anayeuza chai darajani, alikuwa anafunga turubai lake. Nilipopita alininyooshea vidole viwili, akapiga kelele: "Lobi, bino mibale!" Lobi, ninyi wawili. Radi ikameza yaliyobaki. Sikusimama.

Sasa nimekaa na maji moto na limau, na neno lile halinitoki. Kilingala hiki! Lobi ni jana, lobi ni kesho, maneno yanayofuata ndiyo yanayoamua. Na yaliyofuata sikuyasikia. Kesho haiwezekani, mimi sina mwenzangu wa kukimbia naye. Basi ni jana. Jana alituona wawili.

Jana nilikuwa peke yangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Naogopa, naandika hivyo hivyo.

Dhoruba mbaya kuliko zote. Darajani hakuna mtu, turubai limeshushwa mpaka chini. Nikageuza. Hatua mia hivi, nikasikia nyayo nyuma yangu, zinapiga maji. Nikiongeza mwendo, zinaongeza. Nikipunguza, zinakaribia. Bibi alitufundisha: kitu kikikufuata kwenye mvua usigeuke, ukigeuka umekikaribisha. Sikugeuka. Kikaita jina langu. Zaituni. Mara moja tu, sauti ya mwanamke nisiyemjua. Nikatimua mbio ambazo sijawahi kukimbia maishani. Kisha kishindo, kitu kizito majini. Kisha mvua peke yake.

Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nimesoma dua zote ninazozijua, mbili nimezichanganya.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama Régine amekuja asubuhi. Hakukaa. "Zaituni, nilikuambia lobi mutakimbia bawili na mudogo wangu. Sasa ulimukimbia juu ya nini?"

Mdogo wake anaitwa Odette. Mwalimu, amefika Jumatatu kwa boti kutoka Yangambi, anapenda kukimbia, hapa mjini hana rafiki. Jana alinisubiri chini ya turubai. Alipotoka nilikuwa nimeshageuza, akanifuata. Ameteleza akaanguka mtaroni, mguu umevunjika, maji yanapita juu yake. Mvua ilipokatika mwenye toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, alimwona, akamtoa, akampeleka hospitali kwenye kiti cha baiskeli yake.

Yu hai. Alhamdulillahi.

Ilikuwa kesho. Mama Régine alisema kesho, na mimi nikasikia jana, nikamkimbia binadamu mwenzangu. Aibu inanichoma kuliko homa. Nilitaka kusema pole, kikatoka kikohozi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sikukimbia. Nimeshona gauni la mteja, mshono umepinda, nimefumua. Nimeshona tena, umepinda tena.

Jumapili, 20 Oktoba

Mbio zimepita bila mimi. Nilisikia filimbi kwa mbali nikiwa njiani kwenda hospitali na sufuria ya wali na pondu ya majani ya muhogo. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba msamaha.

Odette akaniwahi. Akanishika mkono, akasema asante. Asante kwa kurudi. Asante kwa kuteremka mtaroni na kumshikilia kichwa juu ya maji mpaka mvua ilipoanza kupungua. Anasema nilikuwa nakohoa vibaya, akanisihi niende nyumbani, nikakataa. Anasema mikono yangu ilikuwa baridi sana, akanionea huruma.

Mimi sikurudi. Wakati ule nilikuwa nyuma ya mlango wangu, nachanganya dua; aliyemshika sijui ni nani.

Nikamwambia ukweli. Si mimi, Odette, mimi nilikukimbia. Akacheka. Akamwambia dada yake kwamba watu wa Kisangani hawapendi kusifiwa. Mama Régine hakucheka, alinitazama, kisha akatazama mikono yangu.

Tumekula wote watatu. Wali umetosha. Odette amelala sasa, bado amenishika, na mimi naandika kwa mkono mmoja. Nje imeanza kunyesha tena, kidogo kidogo.