Nyumba Nimeipoza, Mama Mkwe Kakauka

Mpendwa mshauri, shikamoo, na naomba unisaidie haraka kwa sababu hapa nilipo nimepigwa na butwaa, sijui nimsikilize nani nimwache nani.

Mimi ni fundi rangi, nina mke, na mama mkwe tunaishi naye tangu magoti yalipomshinda, na mke wangu anafanya kazi kiwanda cha sabuni, anatoka alfajiri anarudi jioni, kwa hiyo mchana tunabaki mimi na mama, maana msimu huu wa joto napaka nyumba za watu asubuhi tu, jua likianza kuwaka narudi. Redio ilipotangaza kwamba mwaka huu linakuja joto la kuua watu, nilisema kwangu halitaingia. Nikapanda juu nikapaka bati lote rangi nyeupe, nikapigilia dari ya silingibodi chumba cha mama, nikaning'iniza mapazia mazito upande wa jua, nikafunga madirisha yote nisiruhusu hata kaupepo ka moto, nikamwekea feni, na jagi kubwa la maji kando ya kitanda, kila likiisha najaza, na mshauri, lilikuwa linaisha! Nami namsifu, "Mama, leo umejitahidi kweli!" anacheka tu, "Asante, baba." Majirani wakawa wanakuja kuchungulia, wanasema fundi umehamishia friji chumbani, nami kichwa kimevimba.

Basi mchana mmoja naingia namkuta amelala upande, midomo imepasuka, ngozi inaunguza, namwita haitiki, halafu akafungua macho akaniita kwa jina la marehemu mume wake. Jamani! Nilipiga kelele mpaka jirani yetu, mama mshona nguo, akatoka mbio na tepu yake shingoni, tukammwagia maji, tukampakia kwenye gari la muuza matofali tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema huyu mama amekauka, hana maji mwilini, mngechelewa kidogo tu figo zingegoma. Nikabishana naye mbele za watu, daktari haiwezekani, jagi namjazia kwa mkono wangu mwenyewe! Mke wangu alipofika hakunisalimia, aliniuliza tu, "Ulikuwa unafanya nini na mama yangu mchana kutwa?"

Mungu saidia mama akapona, akarudi nyumbani. Sasa juzi nimemjazia jagi nimetoka, nikakumbuka nimesahau brashi kwake, narudi, mlango uko wazi, namkuta mama amesimama kashika ukuta, anamimina maji yote kwenye yale makopo ya rangi ambayo mke wangu amepandia maua pale dirishani. Taratibu kabisa, kopo hili, kisha lile. Aliponiona alishtuka kama mtu aliyefumaniwa, akakaa kitandani akaanza kulia, akasema, "Nikinywa itabidi niende chooni. Choo kiko uani, kuna ngazi, itabidi unishike unifikishe, halafu unisubiri mlangoni. Wewe ni mkwe wangu, baba. Uso wangu nitauweka wapi?" Kumbe anajibana tangu binti yake anapotoka mpaka anaporudi! Halafu akanishika mkono, mara ya kwanza tangu nioe, akaniapisha nisimwambie mke wangu, eti ataacha kazi kwa ajili yake, na mimi kwa ule mshtuko nikajikuta nimesema sawa, mama.

Sasa mke wangu ananitazama kama muuaji, redio inasema joto linarudi, na mama nikimkaribisha maji anapiga mafunda mawili ya kuniridhisha tu anaweka chini. Niseme au ninyamaze? Nikisema, nimemvunjia heshima mtu anayeniheshimu kuliko wote pale nyumbani, na nisiposema, mshauri, naogopa hata kuandika.

Ni mimi, Fundi Rangi Niliyeduwaa.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Mtu mzima anakaribia kufa kwa kiu, jagi limejaa kando yake, feni inazunguka, mapazia yameshonwa vizuri, na sababu ni aibu! Nimewahi kusoma mengi kwenye ukurasa huu, hili limenitoa jasho.

Nianze na kukugombeza, maana unastahili. Ulipanda juu ya bati, ukachunguza jua linaingilia wapi, lakini safari ya kutoka kitandani hadi chooni hukuitazama hata siku moja. Mchana kutwa mtu haombi kwenda haja, nawe unajaza jagi na kupiga makofi! Na mkeo naye asijitoe. Anampeleka mama chooni alfajiri, anampeleka jioni, hapo katikati alidhani anafanyaje? Mwenzio kakulaumu, lakini swali lilikuwa la kwenu wote wawili.

Sasa nisikilize. Ile "sawa, mama" uliitoa ukiwa umechanganyikiwa, kwa mgonjwa anayelia. Ivunje. Ila usimzunguke bibi wa watu. Nenda kwake kwanza, kaa chini, mwambie waziwazi, "Mama, nimeshindwa kunyamaza, jioni namwambia binti yako." Atanuna. Mwache anune, akinuna yuko hai. Kisha mkeo akirudi mweleze yote, mkiwa wawili, bila kujitetea, na akitaka kulia mwache alie.

Hilo la choo lisikuumize kichwa, wewe ni fundi na unawajua mafundi wenzako. Seremala akutobolee kiti imara, chini kikae ndoo yenye mfuniko, kiwe pembeni ya chumba chake nyuma ya pazia, mlango aufunge kwa ndani kwa komeo jepesi ambalo unaweza kulisukuma ukisikia kimya. Ndoo ataishughulikia mkeo au yule jirani mshona nguo. Mwombe huyo jirani aingie kila mchana, apige soga, amwangalie mwenzake. Mwanamke kwa mwanamke hawatahitaji maelezo. Na kwenye ukuta wa uani weka bomba la kushikilia mpaka chooni, ngazi uzigeuze mteremko, ili siku magoti yakiwa na nafuu aende mwenyewe bila mkono wa mtu.

Maji usimpe kwa jagi tena, linamtisha. Mpe kikombe kidogo, mara kwa mara, na uji mwepesi, na matunda yenye maji, na umwone akimeza. Kitambaa kibichi shingoni, miguu kwenye beseni. Na hayo madirisha, fundi, unayafunga mchana, sawa, lakini jua likizama fungua yote, pande mbili, nyumba itoe moto ilioumeza. Chumba kikishakuwa tanuri feni haikusaidii kitu, inamsukumia moto usoni, basi mtoe akae sehemu yenye kivuli na hewa. Akianza tena kuongea visivyoeleweka, mloweshe maji mwilini, usimlazimishe kunywa, na mkimbizeni hospitali bila kumsubiri mtu.

Unaniuliza useme au unyamaze. Mwanangu, joto linarudi. Akianguka safari hii, sababu mtaijua wewe na mama tu, na mmoja wenu hataweza kusema. Mwambie mkeo leo.