Utosi wa Salumu

Itetemia, Jumatano

Nimechoka na habari za tumbili. Mama mkwe kamwokota akiwa mchanga sawa na Salumu wangu, na sasa kila mgeni lazima aambiwe: "Huyu kashapanda hadi juu ya paa, mjukuu wangu hata shingo hajakaza!"

Leo narudi kutoka shamba la ujamaa, mgongo unawaka moto, namkuta mama mkwe anampaka mtoto dawa utosini ili ufunge upesi. Nikamnyang'anya mtoto. Sijawahi kumfanyia hivyo.

Nikamkimbiza zahanati. Nesi kauosha utosi taratibu. "Ubongo wa tumbili huzaliwa umeshakua kwa sehemu kubwa," kasema. "Wa mwanao ndiyo kwanza unaanza, na fuvu linaupisha. Mnafunga mlango wageni hawajaingia?"

Njia nzima nilicheka peke yangu. Nyumbani, shikamoo yangu mama mkwe hakuitikia. Nikamweleza hivyo hivyo. Akamtazama tumbili.

"Wale wanangu wawili waliokufa wachanga," akasema, "nao niliwapaka."

Nikamwambia nesi kasema dawa haiui.

Nesi sikumuuliza.