Kadi ya Ujerumani

Jumanne

Miezi mitatu sasa Mama Njeri anaanika nguo kwenye seng'enge, kwa sababu waya wake wa nguo nimeufanya antena ya redio. Ati navuta Ujerumani! Ofisini nimejigamba hadi wananiita Balozi.

Leo nimepita posta nikakuta kadi ya kituo chao cha redio, niliyoiomba kwa barua, ya kuthibitisha kwamba kweli niliwasikia. Mbele kuna picha ya milima yenye theluji. Nyuma wameandika kwamba matangazo hayo yalirushwa kutoka mtambo wao ulioko Rwanda.

"Rwanda?" akauliza Mama Njeri. "Si huko hata basi hufika?"

Nikachukua gundi niibandike ukutani, theluji ikitazama watu.

"Weka gundi ya kutosha, Baba Njeri," akasema. "Mgeni asije akaigeuza."