Chumba cha Kamba

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

U hali gani, na wajukuu wangu hawajambo? Mimi sijambo, ila kifua kimekuwa mpangaji msumbufu. Simu siisikii tena, ndiyo maana nakuandikia.

Tangu tuikabidhi nyumba ya wazee wetu iwe makumbusho, wageni wanapita chini kutwa, nami nimebaki na vyumba viwili vya juu. Leo wamefunga kamba nyekundu kwenye mlango wa chumba cha marehemu bibi yako. Kile kitanda kilichoundwa humo humo kwa sababu hakipiti mlangoni, nilichozaliwa juu yake mimi, na wewe pia, kimebandikwa "Usiguse". Bibi yako alifia hapo, na mimi nataka kufia hapo hapo. Wanasema tulitia sahihi, mimi na wewe. Zungumza nao, wewe watakusikiliza.

Mama yako

29 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu. Tafadhali usizungumze habari za kufa. Huku kuna lifti, hospitali iko jirani, na chumba chako kiko tayari. Kile kitanda ni mbao tu, Mama. Nitakutumia tiketi.

Kitinda mimba wako

12 Aprili

Marahaba mwanangu,

Asante kwa lifti. Juzi nilivuka kamba nikajilaza. Wageni wakaingia, bwana mmoja akauliza kama mimi ni sanamu. Nikafumbua macho nikamwambia, "Bado." Walitoka mbio wakigongana mlangoni! Nilicheka mpaka kifua kikanibana.

Sasa wameweka mlinzi. Ana adabu, ananiita bibi, lakini kupita hanipishi. Kama ni mbao tu, mbona nanyimwa? Nilikuzaa pale nikiwa nimeng'ang'ania mguu wa kitanda, na mama yangu akinifuta jasho. Sikukasirikii. Naumia tu.

Mama yako

20 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisoma jikoni. Nilicheka, halafu nikakaa chini sakafuni.

Nimempigia mkurugenzi wa makumbusho. Nilimwambia chumba kile kifungwe kwa wageni, ulale humo wewe mwenyewe. Alileta za kanuni, nikamletea za kuzaliwa kwangu, mwishowe akakubali. Akauliza tu, "Mpaka lini?" Mama, nililia mpaka maskini akaniomba radhi.

Nimepata likizo. Nitafika mwisho wa mwezi.

Kitinda mimba wako

25 Aprili

Marahaba mwanangu,

Anayeandika ni mlinzi, mimi namtajia tu, maana kalamu imenishinda. Nimelala kitandani kwa mama yangu tangu juzi. Godoro ni gumu na dirisha linapiga kelele, nami nimeridhika kabisa.

Lile swali la mkurugenzi halikuwa la kukutoa machozi. Ungemwambia, mpaka wewe binti yangu ufike. Basi fanya haraka, mwanangu, tusiwacheleweshe watu na kazi yao.

Mama yako