Mwanafunzi Aitwaye Sadick

Jibondo, Mafia
Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Hafidhi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, na mafua yamekuachia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, mwani wake safari hii umekauka vizuri. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu tuliyonayo ni ya Baba, na kila kinachotoka humo hukiona. Mwalimu Theonest anasafiri kesho, ndiye atakayekufikishia.

Utajiuliza nimejuaje habari za mafua. Nimekusikia darasani. Binamu Aziza alituletea kiungo cha darasa lako la mtandaoni, lile la kuwafundisha wanaoanza kutengeneza programu za wavuti. Unafundisha vizuri, kaka. Hata mimi, ambaye shuleni hunyamaza ninapolijua jibu, nilitamani kujibu.

Nataka kukueleza juu ya mwanafunzi wako Sadick, yule asiyefungua kamera. Ndiye anayesahau kufunga alama alizofungua, ukurasa wote ukalala upande. Siku ile ulimtania kwamba kijana huyu hajawahi kujenga kitu maishani mwake. Ndiye pia anayeandika "Shikamoo mwalimu" kila kipindi kinapoanza, hata ukawaambia wenzake kuwa darasa zima ni Sadick peke yake aliyelelewa.

Kaka, Sadick ni Baba.

Kioo cha simu hakisikii vidole vyake, vimekomaa kwa kuchonga majahazi kwa tezo. Basi saa ya darasa ikifika huacha kazi karakanani, akanisomea maneno, nami nikaandika. Ulipomtania alicheka mpaka akakaa juu ya mbao. Alisema mtoto huyu ulimi wake ni wa mama yake. Nilimwambia si vizuri mzazi kumwamkia mwanawe. Akanijibu kuwa mwanafunzi humwamkia mwalimu, na kwamba niandike, nisimfundishe adabu. Halafu hunizuia kugusa chochote mpaka uitikie. Ukisema "Marahaba, Sadick," hunitazama na kusema taratibu, "Ameitikia."

Najua maneno aliyokuambia ulipoondoka, kwamba kubonyezabonyeza si kazi ya mtu mzima. Najua tangu siku hiyo hamjaamkiana. Hajasema kwamba alikosea. Ila juzi nilimsikia akimweleza Mzee Mfaume namna ukurasa unavyopokea jina la mtu na kumjibu, akamalizia kuwa hayo yote amefundishwa na mwanawe.

Jumamosi ndiyo kipindi cha mwisho. Kikiisha, hatakuwa na njia ya kukusikia. Kukupigia simu hawezi, unamjua. Nakuomba, ukifungua darasa usimngoje Sadick aandike. Mwamkie wewe. Mimi nitakuwa nimeongeza sauti ya simu.

Upokee salamu za nyumba nzima, na unywe tangawizi kwa ajili ya kifua.

Mdogo wako akupendaye,
Umi